Sanduku Nililolikana Bandarini

Nimepona. Nalitanguliza hilo ili anayesoma akiwa na doa lisilouma kwenye ngozi yake asizifunge karatasi hizi kwa hofu. Ugonjwa wangu ulikuwa ukoma, na ukoma unapona. Nilimeza dawa mpaka pakiti ya mwisho, na leo nimebaki na alama mbili mkononi na vidole viwili visivyohisi. Lakini si ugonjwa peke yake ulionikalisha chini kuandika. Kuna jambo nililowatendea wenzangu nilipokuwa nikiuficha, na hilo halina dawa ya kumeza.

Jina langu Zaituni, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Kiswahili hiki nilikipata kwa bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Unguja akaolewa kwetu. Kazi yangu ilikuwa kudarizi kofia. Siku moja, msimu wa karafuu, nilikuwa na kofia ya bwana harusi, na mama kakaa karibu yangu anachambua mchele. Ghafla akapiga ukelele.

"We Zaituni, damu!"

Sindano ilikuwa imezama kidoleni, imesimama humo, nami naendelea kuzungumza. Kofia ilikuwa na tone kubwa upande wa mbele, pale panapokaa juu ya kipaji cha uso. Nilicheka, nikasema ngozi ya fundi huwa ngumu kama soli. Mama hakucheka.

Nilingoja msimu mzima kabla ya kwenda zahanati. Yeyote mwenye doa kama langu, asingoje hata wiki. Mume wangu Bakari, kuli wa bandarini, nilimwambia naenda kwa ajili ya jino. Muuguzi, Bwana Hamidu, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliniambia nifumbe macho.

"Nikikugusa kwa pamba, sema."

Nikafumba. Nikangoja aanze. Nikaona anakawia, nikamwambia, "Bwana Hamidu, niko tayari."

"Nimemaliza, dada," akasema. "Nimekugusa mara sita."

Hivyo ndivyo nilivyojua, nikaanza dawa ya miaka miwili, pakiti moja kila mwezi. Mama peke yake nilimwambia.

Benchi la kungojea la wagonjwa wetu lilikuwa nje, chini ya bati, linatazama barabara ya sokoni. Tulikuwa wanane. Tulijifunika shiromani, nguo yetu ya kujitanda, mpaka puani, na bado wapita njia walitutambua kwa viatu. Nikawa naazima kandambili za mama. Tukikaa pale hatukusalimiana. Kila mmoja alijifanya kaja kwa jambo jingine, na Bwana Hamidu alikuwa akituita kwa namba.

Mwili ulianza kunisema. Kila nilipofungua pakiti mpya, mkojo wa siku hiyo ulikuwa mwekundu, nami nikimwaga ndoo nzima ya maji chooni kabla Bakari hajaingia. Baada ya pakiti ya tatu, ngozi yangu ikaanza kugeuka rangi kwa dawa hizo, weusi wenye uzambarau ndani yake. Nikasema ni jua. Nikahamia kulala mkekani, nikisingizia mgongo. Bakari alianza kula upesi na kutoka upesi. Alidhani simtaki tena. Nilimwacha adhani hivyo, kwa kuwa niliona afadhali anione mke mbaya kuliko mke mgonjwa.

Katika pakiti ya nne ndipo alipokuja Dokta Fauzia.

Mtaani kwetu tulikuwa na chama cha akina mama: masufuria makubwa, mikeka na viti vya harusi na misiba. Mwenyekiti alikuwa Koko Sitti, yaani Bibi Sitti, mwanamke mzee ambaye akikohoa tu, ukumbi mzima hunyamaza. Dokta Fauzia alitoka Moroni, mji mkuu ulio kisiwa cha Ngazija, mwanamke mwembamba aliyesomea nje, akakaa kwenye mkeka pamoja nasi.

"Miaka yote tumekuwa tukihesabu madoa," alisema. "Hatujapata kumwuliza mwenye doa anataka nini. Nataka utafiti huu uanzie kwake."

"Na sisi wapika pilau tunaingia wapi?" akauliza Koko Sitti.

"Nyinyi mnafunguliwa milango, Koko. Mimi nikibisha hodi, wagonjwa wanafichwa uvunguni."

Koko alifikiri, akanigeukia. "Tunaye aliyesoma. Zaituni, lete daftari."

Ningekataa ningeulizwa sababu. Nikaleta daftari.

Dokta alitufundisha alasiri tatu, kwenye chumba cha chuo cha Kurani. Tusiandike majina. Tuombe ruhusa kwanza, na mtu akichoka katikati, tumwachie. Tusibishane na jibu wala kulipamba. "Na ukimaliza kuandika," alisema, "msomee maneno yake. Akisema sivyo, futa. Daftari ni lenu, lakini maneno ni yake." Koko Sitti, asiyejua kusoma, alilipenda neno hilo kuliko yote. Akawa analirudia hata jikoni, ukimwambia chumvi imezidi: "Nisomee tena."

Nilipewa nyumba za Patsy, kijiji cha juu ya mji. Huko nilimkuta Echati. Tulisoma chuoni pamoja tukiwa wadogo, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha kaswida kwa sauti yake. Sasa alikuwa mjane, analima mihogo peke yake. Masikio yake yalikuwa yamevimba, na vidole vya mkono wa kushoto vimejikunja. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na kwa huo alilima, alipika, alijifunga shiromani. Benchini tulikuwa tumekaa sote miezi mingi, lakini nilijifunika vizuri, nikaamini hanijui.

Nikamwuliza swali la kwanza. "Katika ugonjwa huu, unataka nini kwanza?"

"Unadhani nitasema dawa," akajibu. "Dawa ninayo. Mimi nataka kualikwa. Harusi tatu zimepita hapa sijaletewa mwaliko."

Nikaandika, nikamsomea. "Ndivyo?"

"Ndivyo. Ila andika nne. Ya mdogo wangu niliitazamia dirishani."

Masufuria ya harusi hiyo ya nne yalikuwa ya chama chetu. Nilipakua pilau mimi mwenyewe, na yeye yuko dirishani. Nikaandika nne, nikafunga daftari. Aliniangalia mikono kwa muda, akasema, "Jua la Mutsamudu limekuwa kali siku hizi."

"Kali sana," nikasema.

Kisha kisiwa chetu kikajitenga na serikali ya Moroni. Sina la kuwaeleza wanaojua siasa. Kwetu sisi ilianza kwa bendera na shangwe, ikaja milio ya bunduki, halafu ikawa ukimya: simu hazikwenda, meli za Moroni hazikuja, bandarini makuli wakakaa juu ya magogo wakicheza bao. Zahanati, rafu ya dawa ikawa nyeupe. Bwana Hamidu alinipa pakiti yangu ya nane kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto, akasema, "Ya tisa sijui, dada."

Ilipobaki dawa ya siku sita, mfanyabiashara mmoja alileta barua ya Dokta Fauzia. Kulikuwa na mkutano Moroni, madaktari wakae na watu wa visiwa wasikie yale majibu. Alitaka mgonjwa mmoja na mwanachama mmoja, na wakirudi wachukue sanduku la dawa za wote wanane. Lakini nahodha aliyekubali kuvuka alikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Koko Sitti hakusita. "Aende Echati. Maneno ni yake."

Nilisimama. Mpaka leo nikikumbuka nilivyosimama, nanyoosha shiromani yangu kama mtu mwenye hoja nzuri, uso unanichoma.

"Koko, akifika kule na vidole vile, watatuonaje? Watu wa Ngazija wanatutukana vya kutosha. Watasema Nzwani imewaletea wakoma."

Neno hilo hakuna aliyepata kulitamka katika chama kabla yangu. Wenzangu waliinamisha vichwa, kisha mmoja akaitikia, na mwingine. Koko akasema wengi wape. Uamuzi kwamba niende mimi niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipanda Patsy kumwambia Echati. Alikuwa amekwisha fua nguo za safari, zimeanikwa kwenye ua.

"Haya," alisema baada ya kunisikiliza. "Basi nenda ukaseme kama nilivyosema."

Moroni nilifikia mtaa wa Magudju kwa Mariamu, binamu wa mama. Alinipokea kwa kunibusu na kunionya kwa pumzi moja. "Ukiwa kwenye teksi, wewe ni bubu. Ukifungua mdomo tu watajua unatoka wapi. Wiki iliyopita wamempiga fundi mwashi wa kwenu hapa nyuma, na kaishi hapa miaka ishirini." Basi nikawa bubu. Ndani ya teksi Mariamu alinisemea kila kitu, hata salamu.

Kupata kibali cha kuchukua sanduku nililazimika kungoja kwenye chumba chenye watu wengi, bila Mariamu. Karani alipoita, "Wa Mutsamudu!" sikuthubutu kuitika. Akaita tena. Mama mmoja mnene aliyekaa kando yangu, ambaye sikupata kujua jina lake, aliniona nilivyojikunyata. Akapaza sauti kwa Kingazija, "Yuko hapa, anaumwa koo, hawezi kusema!" Kisha akanisindikiza mpaka dirishani, mkono wake begani mwangu. Wema wa mtu asiyenijua, na siku nne baadaye nikashindwa kuutoa kwa mtu ninayemjua.

Mkutanoni kulikuwa na meza ndefu. Daktari mmoja mzee aliniuliza, "Mama, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mwandishi wa chama."

Nikawasomea daftari. Nilipofika kwenye harusi nne na dirisha, yule mzee alivua miwani, akaniomba nirudie polepole aandike. Baadaye walinishika mkono mmoja mmoja. Walinisifu kwa maneno ya Echati, nami nikazipokea sifa.

Dokta Fauzia alinipa sanduku la karatasi ngumu, limefungwa kwa kamba. Akanionyesha chupa ndani yake. "Hivi vidonge vyeupe ni vya Echati hasa. Bwana Hamidu aliniandikia kwamba mkono wake wa kulia umeanza kuwaka moto. Avipate upesi, Zaituni. Vikichelewa, vidole vitajikunja kama vile vingine."

Nyumbani kwa Mariamu nilijifungia, nikalifungua. Nikatoa pakiti zangu, nikazishonea ndani ya upindo wa gauni. Nilijiambia ni kwa usalama. Za wengine saba sikuzishonea mahali popote. Nikalifunga tena lile sanduku vizuri, fundo kwa fundo.

Tulifika Mutsamudu asubuhi. Bandarini tulipangwa mstari, watu wenye bunduki wakapekua kila mzigo uliotoka Moroni. Nyuma ya kamba niliwaona makuli wamesimama, na kati yao Bakari. Alikuwa amevaa shati lake la Ijumaa. Miezi mingi hatukuwa na maneno mazuri, lakini aliponiona alitabasamu na kuinua mkono.

Mpekuzi aliokota sanduku. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa, herufi kubwa. Alijua kusoma, akasoma kwa sauti.

"Dawa za ukoma. Za nani hizi?"

Mbele yangu na nyuma yangu watu walisogea. Mwanamke aliyekuwa amelala begani mwangu njia nzima alivuta shiromani yake isiguse yangu. Nikamtazama Bakari. Bado alikuwa ameinua mkono.

"Nimeuliza za nani?"

"Sijui," nikasema.

"Liko kwenye mizigo yako."

"Si langu. Nimelikuta tu hapo."

"Si lako?"

"Si langu, wallahi."

Niliapa. Hakuna aliyenilazimisha kuapa. Mpekuzi hakutaka kulishika tena. Alilisukuma kwa mguu mpaka ukingoni, likaanguka majini. Halikuzama upesi. Lilielea, kamba yangu niliyoifunga vizuri ikionekana, nami nikapita nikaenda kwa mume wangu, upindo wa gauni ukinigonga miguuni.

Koko Sitti na Bwana Hamidu niliwaambia lilipotea baharini. Hata uongo haukuwa uongo kamili, na hilo lilinifanya niuseme kwa urahisi zaidi. Waliokuwapo hawakunena, siku zile mtu hakusimulia alichokiona bandarini.

Nilimeza pakiti ya tisa, na ya kumi, na ya kumi na moja. Nilikuwa nikifungua upindo kwa wembe, nashona tena. Wenzangu saba walikaa kwenye benchi siku za dawa, wanaambiwa hakuna, wanaondoka. Nilijifunika kama wao, nikaja kukaa nao, nikasikia nami nikiambiwa hakuna, ili nisionekane nina. Mwenye kujua aibu ni nini na aniambie kama kuna benchi gumu kuliko hilo.

Mvua zilipoanza nilipanda Patsy. Mkono wa kulia wa Echati ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, kaufunga kitambaa. Alikuwa anatokwa jasho kwa maumivu, na bado akanisukumia kigoda nikae. Niliporudi baada ya Ramadhani, maumivu yalikuwa yamekwisha. Kidole cha mwisho kilikuwa kimejikunja, na cha pili kinamfuata. Nilimkuta akijaribu kufunga kanga kwa meno. Nikamfungia.

Dokta Fauzia alipopata njia ya kuvuka, alikuja na dawa mpya na maswali mapya. Tukagawana nyumba kama zamani, na Patsy nikapewa tena mimi. Swali la tano lilikuwa hili: ni nini kilichokukosesha dawa?

Echati alikuwa amekaa mlangoni, mikono yote miwili mapajani.

"Andika," alisema. "Sanduku lilipotea baharini."

Niliandika. Kalamu ilikuwa nzito, si kwa sababu ya vidole. Kisha kanuni ikanidai nimsomee.

"Sanduku lilipotea baharini," nikasoma. "Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema. "Si wewe uliyetuambia?"

Siku mbili baadaye chama kilikutana, na Dokta alitaka wagonjwa nao wakae, wasikie majibu yao kabla hayajaondoka. Walikuja watatu, Echati alikaa karibu na mlango. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mikeka yetu. Dokta alifungua madaftari.

"Wote saba wamesema jambo moja," alisema. "Basi sina budi kuliandika. Njia ya kupitishia dawa kwa vyama si salama. Nitashauri dawa zingojee meli ya serikali."

"Meli ya serikali imekuja lini?" akauliza Koko Sitti.

Nikaona hapo uongo wangu unavyotaka kutembea. Ulikwisha kula mkono wa Echati, sasa ungepanda kwenye karatasi, ungefika Moroni, ungefunga mlango ule mdogo uliobaki, na juu yake pangekuwa na mwandiko wangu.

Nilisimama, na safari hii sikunyoosha shiromani.

"Bahari haikulichukua," nikasema. "Nililikana mimi. Bandarini waliniuliza la nani, nikasema si langu, nikaapa. Wakalisukuma majini kwa mguu. Mimi nami ni mgonjwa. Namba sita, benchini, ni mimi. Pakiti zangu nilikuwa nimezitoa kabla, nikazishona ndani ya gauni."

Kulikuwa na mwanamke anatwanga nyumba ya pili. Nilimsikia mpaka alipomaliza. Wenzangu hawakunitazama. Mmoja alisogeza mtoto wake. Nilimgeukia Echati kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho.

"Ugonjwa wako niliujua siku ya kwanza ulipokuja na daftari," alisema taratibu. "Nikangoja useme. Nikasema moyoni, ana woga, atasema. La sanduku sikulijua."

"Nisamehe."

"Uliapa si lako?"

"Niliapa."

"Basi hukuapa uongo," akasema. "Halikuwa lako. Lilikuwa langu."

Akainuka, akavaa viatu kwa kuvisukumasukuma na mguu, akaenda zake.

Dokta Fauzia akamsogezea daftari mwanachama mwingine, Raima, msichana wa shule. "Futa 'baharini'," akamwambia. "Andika 'bandarini, kwa aibu'. Hilo nalo ni jibu, na huenda ndilo tulilokuwa tukilitafuta."

Koko Sitti alikohoa. "Zaituni, uandishi umekutoka. Chamani hutoki. Utaosha masufuria mpaka nitakaposema basi." Mwaka wa tatu sasa hajasema.

Nyumbani nilimwambia Bakari kabla hajasikia mtaani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa nimesimama pale," akasema. "Nilidhani uliogopa bunduki."

"Nilikuogopa wewe."

Neno hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Alichukua nguo zake, akaenda kwa mama yake, mji wa Wani. Alikaa huko msimu mzima wa karafuu. Alirudi siku moja adhuhuri na nguo zilezile, akasema mama yake anakoroma, akatandika mkeka wake kando ya wangu. Asubuhi aliuliza vidonge vinamezwa kabla ya chai au baada.

Yaliyotokana na maswali yetu si makubwa, lakini yapo. Sanduku la dawa sasa halina maandishi ubavuni. Limeandikwa jina la chama tu, na hubebwa na wawili, mmoja wao mgonjwa. Benchi limehamishiwa nyuma ya zahanati, na siku ya dawa si ya soko tena. Mkutano wa pili wa Moroni alikwenda Echati na Koko Sitti. Raima aliniambia kwamba walipomwuliza Echati kama ni mgonjwa, aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akawaambia waanze na maswali mengine. Harusi ya kwanza baada ya hapo, mwaliko wake ulipelekwa na Koko mwenyewe. Nilimwona amekaa mkekani na wenzake, wakati nikiwa nyuma na majivu na masufuria.

Kama wewe unayesoma umo katika chama kidogo kama chetu, na mtu wa utafiti akaja kuomba mkono wenu, mpeni. Lakini msimtume mtu kuyasema maneno ya mgonjwa ilhali mgonjwa ana mdomo. Na kama mwandishi wenu ana doa, mwacheni aseme mwenyewe. Ila mpeni mahali ambapo akisema hatasogezewa watoto kando.

Mimi kila Alhamisi napanda Patsy. Mara tatu za kwanza Echati hakunifungulia. Ya nne mlango ulikuwa wazi, na beseni la maji ya vuguvugu liko chini, lakini yeye alitazama pembeni. Bwana Hamidu alinifundisha namna ya kufanya: mkono uloweke, usugue ngozi ngumu kwa jiwe laini, upake mafuta ya nazi, kisha unyooshe kidole kimoja kimoja bila haraka, ili visijikunje zaidi. Vidole vyake havihisi, na viwili vyangu havihisi, kwa hiyo inabidi tutazame sote wawili tusije tukaumizana.

Alhamisi iliyopita nilijikaza nikauliza. "Echati, umenisamehe?"

Aliutazama mkono wake uliokuwa ndani ya mikono yangu, akaugeuza polepole kwenye mwanga wa mlangoni.

"Kidole gumba," akasema, "bado hujakipaka."

Nikakipaka.